Bei ya Jina: Kulipia Nyaraka za Ukoo Zilizoko Ng'ambo

Katika mtaa wa Vijibweni, Upanga, si mbali na vurugu za Kariakoo, lipo jengo la Nyaraka za Taifa. Mtu atokaye sokoni akiingia humo husikia sauti ya kurasa tu. Mimi sikupita chuo kikuu chochote, na naweza kusema kwamba jengo hilo ndilo lililonilea. Humo nilijifunza kuusoma mwandiko wa makarani waliokwisha kufa zamani, na humo nilijua kwamba karatasi nayo, kama mtu, ina mahali ilipozaliwa, ina umri, na ina watu wanaoijua. Lakini kabla sijaujua mlango wa jengo hilo nilikuwa nimekwisha kupeleka fedha ng'ambo kununua karatasi ya ukoo wetu. Fedha zile zilipotea. Kilichopotea pamoja nazo ndicho kinachonifanya niyaandike haya, kwa kuwa naona watu wengi wa pwani, wa bara na wa visiwani, wanaifuata njia ile ile niliyoifuata mimi.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Rufiji. Baba yake alichukuliwa upagazi mwaka 1917, wakati majeshi ya Waingereza yalipokuwa yakiwafuata Wajerumani kusini mwa mto, na hakurudi tena. Bibi alikuwa mtoto mdogo mno hata kuikumbuka sura yake. Alichokuwa nacho ni jina, nalo ni jina lililobebwa na watu maelfu katika mwambao huu, na jina la babaye ambalo nalo ni la maelfu. Alipozidi miaka 90 alianza kuniambia kila nilipokwenda kumwamkia, kwa ule utani wa bibi na mjukuu: "Mume wangu, wewe si ndiye msomi wa vitabu? Nitafutie baba alipolala, nimsomee."

Ilikuwa mwaka 2005. Intaneti ilikuwa imekwisha kuingia mjini, na vibanda vyake vilijaa vijana mpaka usiku. Katika kibanda kimoja niliwasiliana na mtu aliyejitambulisha kuwa ni wakala wa kutafuta nyaraka za vita katika mji mmoja wa Ulaya. Aliandika kwa adabu, akanipa pole kwa ajili ya babu, akasema amezoea kuzitafuta kumbukumbu za wapagazi wa Afrika Mashariki. Bei yake dola 150, zitangulie. Nilikuwa nimetoka kulipwa ujira wa kutafsiri kijitabu cha afya. Karibu wote uliishia kwake. Nilizituma taslimu kwa jina la mtu, kupitia kampuni ya kutuma fedha, nikamwandikia namba ya siri. Baada ya wiki sita ikaja bahasha. Ndani yake mlikuwa na nakala ya hati iliyopigwa chapa, yenye jina la babu, tarehe ya kufa kwake mwezi wa Aprili 1917, mahali alipozikwa, na kiasi cha mshahara aliokuwa akiudai.

Nilimsomea Bibi hati ile neno kwa neno, nikimfasiria. Aliishika, akaipapasa, akaniuliza jina la babaye ni lipi kati ya mistari ile. Nikamwekea kidole chake juu yake. Siku ya Ijumaa iliyofuata ukasomwa khitma, na watu wakala pilau. Miaka miwili baadaye naye akafariki, akiamini kwamba anajua.

Hati ile ilikuwa ya uongo. Nililijua hilo mwaka 2011, na sikulijua kwa ujanja wowote. Nilikuwa nikitafsiri maelezo mafupi juu ya fedha zilizotumika Afrika Mashariki, nikafika mahali palipoeleza kwamba shilingi yetu ilianza mwaka 1921, na kwamba kabla yake, zama za Wajerumani na zama za vita, watu walilipwa kwa rupia. Mkono ukasimama. Hati ya babu ilitaja mshahara wa mwaka 1917 kwa shilingi. Nikaenda kuifungua sanduku. Juu kabisa, palipoandikwa jina la nchi, palikuwa na neno Tanganyika. Mwaka 1917 Tanganyika lilikuwa jina la ziwa. Waingereza hawakuipa nchi nzima jina hilo mpaka mwaka 1920. Aliyeitengeneza hati ile alikuwa na mashine nzuri na karatasi nzuri. Alichokosa ni historia. Na mimi niliyeinunua nilikosa kitu kile kile.

Tangu siku ile nimekuwa na imani moja, nayo ndiyo kiini cha makala haya: mwenye kulipia hati ya ng'ambo hulindwa kwanza na elimu ya namna hati hiyo ilivyoandikwa, kabla hajalindwa na benki wala simu. Kufuli zote nyingine huja baada ya hiyo. Asiyejua kilichoandikwa na kisichoandikwa hata akilipa kwa njia salama kuliko zote, atakuwa amelipa salama kwa ajili ya kitu kisichokuwapo.

Tuwatazame basi hao wapagazi. Waingereza waliutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916. Eneo la magharibi ya mji, ambalo Wajerumani walikuwa wamelitenga kwa ajili ya soko, likawa kambi ya kikosi cha wachukuzi wa jeshi. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa kwa jina ambalo ndimi za wenyeji zililitengeneza likawa Kariakoo. Kila siku maelfu ya watu hushuka daladala, wakanunua vitunguu, vitambaa na vipuri vya magari, na vinywani mwao wakalitaja jina la kikosi kile bila kuwakumbuka watu wake. Soko lililojengwa hapo kwa ramani ya msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, likajengwa upya, jina halikuungua.

Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi walioandikishwa katika vita vile vya Afrika Mashariki hukadiriwa kufika milioni moja. Walibeba unga, risasi, dawa na majeruhi katika nchi ambayo gari halipiti na ng'ombe hufa kwa ndorobo. Walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa njaa na kwa uchovu, na wengi walizikwa pale walipoangukia. Waliandikishwa kwa namba na kupewa kibati cha kuvaa. Lakini orodha zao ziliandikwa na makarani wenye haraka, wasiojua tofauti ya jina la mtu na jina la kijiji chake. Zilisafirishwa kwenye masanduku katika mvua ile ile iliyowaua wenyewe. Na vita vilipokwisha hapakuwa na serikali iliyoona kuwa majina hayo yanastahili jiwe.

Hili si lawama yangu mimi tu. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya kamati yake maalumu, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya jiji letu, iliyosimamishwa mwaka 1927, ndiyo ukumbusho wao rasmi hapa. Izunguke pande zote nne, msomaji. Hutakuta jina la mtu hata mmoja.

Ukiyajua hayo, unajua la kumwuliza mtu anayekuahidi kaburi lenye jina la mpagazi wa mwaka 1917. Si kwamba haiwezekani kabisa. Tangu ripoti ile, Tume imekuwa ikitafuta majina katika nyaraka zilizosalia Kenya na kwingineko, na Januari 2025, huko Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyo bila kaburi linalojulikana. Majina huweza kupatikana. Ila yanapopatikana huwa na mahali yalipotokea: sanduku fulani, jalada fulani, ukurasa fulani. Na Tume yenyewe haimtozi mtu chochote kuyatazama majina yaliyomo katika daftari lake. Wakala wangu alikuwa akiniuzia mlango ambao kila mtu huufungua bure, na nyuma ya mlango huo akachora chumba kisichokuwapo.

Kuna kisa kimoja cha fedha, hati na bahari ambacho hukisimulia sana, kwa kuwa ndani yake fedha zilitembea kinyume na zangu. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliyeliongoza jeshi la Wajerumani huku kwetu, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwalipa malimbikizo askari wa zamani wa jeshi lile waliokuwa bado hai. Ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza, na ni wachache tu kati yao waliokuwa na vyeti walivyopewa mwisho wa vita. Wengine walileta vipande vya sare vilivyochakaa. Wengine walileta miili yao tu. Mtu wa benki aliyekuja na fedha akabuni mtihani: kila mzee akapewa fagio liwe bunduki, akaamrishwa gwaride kwa Kijerumani. Haikupungua miaka 45 tangu waisikie amri ile mara ya mwisho. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Wengi hukisimulia kisa hiki ili tucheke au tulie. Mimi hukisimulia kwa sababu ya yule mtu wa benki. Fedha zilikuwa zake kuzitoa, na kabla hajazitoa alitaka kuona ushahidi. Alipokosa karatasi, aliutafuta ushahidi mahali pengine, katika kumbukumbu ya viungo vya watu. Sisi tunapotuma fedha ng'ambo tunakaa katika kiti chake, lakini tunafanya kama tumekaa katika kiti cha wazee. Tunanyenyekea na kuomba tuaminiwe, na fedha tunaitanguliza. Fagio liko mikononi mwetu na hatumpi mtu alishike.

Mtihani wa fagio kwa wakala wa nyaraka ni mwepisi. Mwulize: hati hiyo iko katika hifadhi gani, fungu gani, jalada namba ngapi? Kila hifadhi inayojiheshimu ina namba za majalada yake. Shajara za kila siku za vikosi vya Waingereza vya vita vile zimo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, na kila moja ina namba yake. Mafaili ya wizara ya makoloni ya Wajerumani yamo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani mjini Berlin. Nayo yana namba, na sehemu yake kubwa imepigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao wa intaneti, kila mtu ayasome bila malipo. Kinyume chake, hifadhi ya jeshi la Prussia iliyokuwa Potsdam iliteketea kwa mabomu mwezi Aprili 1945. Mtu akikuambia kuwa ameitoa hati ya askari wa Kijerumani humo, mwambie akutajie pia bei ya moshi. Aliyeiona hati huweza kukutajia namba yake kabla hujampa senti, kwa maana namba si siri wala si mali yake. Asiyeweza kuitaja hajaiona.

Na kabla ya kuvuka bahari kumwuliza mtu wa mbali, mtu aanzie nyumbani. Mafaili ya serikali ya Wajerumani ya Afrika Mashariki hayakwenda yote Ulaya. Mengi yalibaki Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa nyaraka kutoka Ujerumani Magharibi walikuja kuyapanga, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1973. Nimewahi kukutana na kijana aliyemlipa mtu wa ng'ambo amtafutie shauri la ardhi la babu yake, na jalada lenyewe lilikuwa Vijibweni, hatua chache kutoka alipokuwa akinywea chai. Kwa wenzetu wa visiwani, ziko Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, zenye barua za mabalozi, kesi za mahakama na kumbukumbu za watumwa walioachwa huru, ambazo wageni huvuka mabahari kuja kuzisoma. Tunaagiza ng'ambo maji ya kisima chetu.

Hapo ndipo tufike kwenye malipo yenyewe. Msidhani kwamba suala hili ni geni kwetu, limeletwa na kompyuta. Watu wa mwambao huu wamekuwa wakipeleka fedha ng'ambo ya bahari bila kuipakia jahazini tangu enzi za mababu. Neno hundi, ambalo leo tunaliandika benki bila kulifikiri, lilikuja na wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat. Katika karne ya 19, wakati nyumba ya Jairam Shivji ilipokodi forodha ya Zanzibar, mtu aliweza kutoa fedha Unguja na ndugu yake akazipokea Bombay au Mandvi kwa karatasi ya hundi tu. Bahari ilikuwa kubwa zaidi kuliko leo, barua ilingoja msimu wa pepo, na bado fedha zilifika. Zilifikaje?

Zilifika kwa sababu hundi ilikuwa na desturi zake za ulinzi. Ilikuwapo hundi ya kulipwa papo hapo ionekanapo, na ilikuwapo ya kulipwa baada ya siku zilizotajwa, ili mpokeaji awe na nafasi ya kuhakikisha. Ilikuwapo iliyoitwa shah-jog, ambayo haikuweza kulipwa kwa mtu yeyote aliyeishika mkononi. Sharti aipeleke mfanyabiashara mwenye heshima, anayejulikana sokoni, ili ikitokea udanganyifu ajulikane wa kudaiwa. Ikipotea, iliandikwa ya pili iliyokuwa na jina lake, na ya pili ikipotea iliandikwa ya tatu, kila moja ikiitaja iliyotangulia, ili fedha zisilipwe mara mbili. Wale hawakuwa na polisi wa kimataifa. Walikuwa na kanuni tatu: lipa kwa anayejulikana, lipa kwa wakati unaokupa nafasi ya kukagua, na acha alama kila unapopita.

Nizipime fedha zangu za mwaka 2005 kwa kanuni hizo. Nililipa kwa jina la mtu nisiyemjua wala asiyejulikana na mwingine ninayemjua. Nililipa zote kabla ya kuona lolote. Na nililipa kwa njia isiyoacha alama, kwa kuwa fedha taslimu zikishachukuliwa dirishani hazirudi. Kampuni zenyewe za kutuma fedha huonya kwamba usimtumie usiyemfahamu. Mfanyabiashara wa mwaka 1850, asiyejua umeme, angenicheka.

Leo njia ni nyingi kuliko zamani. Kwa miaka mingi mtu wa Dar es Salaam hakuweza kupata fedha za kigeni ila kwa kibali, na ni mwaka 1992 ndipo sheria ilipofungua milango ya maduka ya kubadilisha fedha. Tangu mwaka 2008 fedha zimeingia ndani ya simu, na sasa zipo hata kadi za malipo ambazo si plastiki bali ni namba tu, zitolewazo na benki na kampuni za simu, ambazo mtu huzijazia kiasi kile kile anachotaka kulipa. Hiyo ni faida kubwa: namba ikiibwa, mwizi hukuta mkoba mtupu. Na aliyelipa kwa kadi huwa na njia ya kwenda benki kulalamika iwapo hakupata alichokilipia, njia ambayo aliyetuma taslimu hana. Lakini hayo yote ni yale yale ya shah-jog kwa vazi jipya.

La msingi ni kumlipa mwenye hati mwenyewe. Hifadhi za serikali huuza nakala zake wenyewe, kwa bei zilizotangazwa. Kew, kwa mfano, mtu asiyeweza kusafiri hulipa kwanza ada ndogo ili hati ikaguliwe kurasa zake. Kisha hupewa makadirio ya bei ya nakala. Ndipo aamue kuendelea au kuacha. Tazama jinsi utaratibu huo unavyofanana na hundi ya muda: hatua, nafasi, na alama. Wakala wa kweli naye yupo, tena wapo waaminifu wengi, watu waliokula miaka katika vyumba vya kusomea, na ujira wao ni halali. Huyo atakubali kulipwa kwa hatua. Atakuambia mapema kwamba huenda asipate kitu, na kwamba utamlipa kazi yake hata akikosa. Neno hilo la mwisho ndilo linalomtambulisha. Mwongo haahidi kukosa.

Nimesema Upanga ni jirani wa Kariakoo, lakini una historia yake. Nyumba zake nyingi zilijengwa katika miaka ya 1950 na jamaa za Kihindi, wakiwamo Waismailia waliojenga kwa ushirika. Ilipokuja sheria ya kutwaa majengo ya mwaka 1971, wengi walifunga mizigo wakaenda Kanada na Uingereza. Leo wajukuu wao huandika kutoka huko wakitafuta cheti cha kuzaliwa cha nyanya, au jina la mtaa alipokuwa na duka babu. Kwao, ng'ambo ni hapa kwetu. Na wakala asiyejulikana, anayeombwa aaminiwe kwa barua, ni mimi.

Aliponiandikia wa kwanza, nilikaa siku mbili bila kumjibu. Nilijiuliza: ningetaka mtu yule wa Ulaya anitendee nini mwaka ule? Kisha nikamjibu hivi: usinitumie kitu. Nitakwenda kutazama kwanza kama rejesta ya mwaka huo ipo. Nikiikuta nitakuandikia namba yake. Ada ya serikali italipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kama ilivyo desturi ya ofisi za serikali siku hizi, na stakabadhi itatoka kwa jina lako, si langu. Ujira wangu utaulipa ukishaipokea picha ya ukurasa. Na kama jina la nyanya yako halimo, nitakuambia halimo. Halikuwamo katika rejesta ya kwanza. Lilikuwamo katika ya tatu, limeandikwa vibaya. Aliponishukuru niliona haya, kwa kuwa nilikuwa namlipa yeye deni la mtu mwingine.

Limebaki moja, nalo si la fedha. Mara nyingi nimejiuliza kuhusu khitma ile. Bibi alimsomea baba yake akidhani amelala mahali ambapo hakulala, tarehe ambayo huenda haikuwa yake. Je, nayo ilikuwa batili kama hati? Nilimwendea mzee mmoja mwenye elimu ya dini, nikamweleza yote nikiwa nimeinamisha kichwa. Alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Mwanangu, Bibi yako alimsomea karatasi, au alimsomea baba yake?" Usiku ule niliuandika ubeti huu, nao nauweka hapa kwa ajili yake:

Hati iulize hati, usilipe ya hewani,
Jina, mwaka na wakati, pima vyote mizanini,
Hanunuliwi kwa noti, alolala mchangani,
Dua haitaki cheti, i wazi kwa Rahamani.

Mpaka leo sijajua alipozikwa babu yule. Nimezisoma shajara za vikosi vilivyopita Rufiji katika mvua za mwaka 1917. Hutaja siku, mito iliyofurika, mizigo iliyopotea na hesabu ya wapagazi waliokufa, kwa namba tu. Katika mojawapo ya namba hizo huenda yumo. Nimekubali kwamba huo ndio mpaka wa kilichoandikwa, na kwamba hakuna fedha itakayoandika leo kisichoandikwa siku ile.

Hati ya uongo sikuichana. Ingali sandukuni, pamoja na picha ya Bibi na tasbihi yake. Nyuma yake nimeandika kwa mkono wangu, kwa kalamu ya wino, na nikaweka tarehe: "Hii si kweli. Nchi haikuwa na jina hili mwaka 1917, wala fedha haikuwa shilingi. Niliinunua kwa dola 150 mwaka 2005 kwa ajili ya Bibi." Nimefanya hivyo ili mjukuu atakayeifungua siku moja asianze pale nilipoanzia mimi.